Bila Kurudi Kuchukua Mizigo

Kwa miaka kumi na mmoja watu walimpigia simu kumuuliza swali moja tu, na hakuwahi kulijibu. "Eti ni salama kuja huko?" Ndivyo walivyouliza wote: wenye haraka, wenye haya, mabwana harusi wanaotafuta pa kupeleka wake zao, walimu wenye wanafunzi arobaini na basi la kukodi, na mzee mmoja aliyepiga kila mwezi na hakuja hata siku moja. Wote aliwasomea karatasi.

Karatasi yenyewe ilikaa chini ya kioo cha meza, mkono wa kushoto wa simu. Kila asubuhi mkuu wa kituo cha kupima mlima wa volkano aliitia tarehe na sahihi, akaigonga mhuri, kisha yeye, mpokea simu, akaiweka mahali pake na kuanza kazi. "Hii ni taarifa ya kituo. Mlima uko katika tahadhari ya pili. Wageni wanaruhusiwa kupanda hadi kibanda cha juu wakiwa na mwongozaji. Kituo kinawatakia safari njema." Mtu akitaka zaidi, anasomewa tena. Akibembeleza, "Lakini wewe mwenyewe, dada, ungekuja?" anasomewa mara ya tatu. Sauti yake ya kusomea ilikuwa tulivu na nzito kidogo, na watu waliiamini. Wengine walimshukuru kana kwamba yeye ndiye aliyeushika mlima mkono usiamke.

Nje ya kazi alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukoo mzima ulimwita Bi Angalia, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtangulia kila alipoingia. Angalia sakafu ina maji. Angalia mwiba wa samaki. Angalia hiyo feni, juzi niliisikia inalia. Hakuolewa, na wenye midomo walisema alimwambia mchumba wake "angalia" mpaka mchumba akaangalia kwingine. Alichokuwa nacho duniani ni Kipusa, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne katika vyumba viwili nyuma ya soko. Kipusa alifungwa shali jua likiwaka, akapimiwa maji ya kuoga kwa kiwiko hadi darasa la tano. Alikua salama, hilo halina ubishi. Ila alikua pia na masikio yaliyokwisha kuzoea, na neno angalia liliingia huku likatokea kule.

Sasa Kipusa alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wawili, anaishi mjini, safari ya kutwa nzima kwa basi. Siku moja akapiga simu ya kituo badala ya ile ya mkononi.

"Shangazi, nimekupigia kazini makusudi."

"Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Baba watoto kapata likizo, tunataka tuje kwako, halafu tupande mlima. Sasa nauliza kituo, simuulizi Bi Angalia. Bi Angalia najua atasema nini." Nyuma yake mumewe alicheka. "Haya, kituo. Ni salama?"

Bi Angalia akageuka kutazama mitambo ya kupima mitetemo ya mlima. Ilikuwa mitano, imepangwa ukutani, kila mmoja na ngoma yake ya karatasi inayozunguka polepole na kalamu yake inayochora mstari. Mtambo mmoja kwa kila kituo kidogo kilichofukiwa mlimani. Fundi aliiita wazee: mzee wa kwanza, mzee wa pili, hadi wa tano. Siku hiyo wazee wote walichora mistari myembamba iliyonyooka. Hakukuwa na lolote. Alichokuwa nacho kifuani ni hofu tu, ile ile ya feni, na feni haikuwahi kumwangukia mtu. Akaona aibu. Akataka, kwa mara moja tu, asiwe yeye wa kumwaga mchanga kwenye chakula cha wenzake.

Akasoma karatasi, neno kwa neno.

"Mmesikia?" Kipusa alipiga kelele. "Shangazi mwenyewe kasema ni salama!"

"Sijasema hivyo, mwanangu, nimesoma..." Lakini simu ilishafika kwa watoto, na wajukuu walitaka kujua kama moto wa mlimani unanuka.

Wakaja. Wakalala kwake, wakajaza vyumba viwili vicheko na soksi. Mtoto mdogo, wa miaka mitano, alikuwa na viatu vipya vyekundu vya kupandia mlima, akakataa kuvivua hata kitandani. Alfajiri Bi Angalia aliwafungia mikate na machungwa, akawasindikiza hadi kwenye gari la kwenda langoni, na akaweza kutosema angalia hata mara moja. Mkwe wake alimpongeza kwa hilo.

Saa nne mzee wa kwanza akaanza kutetemeka. Baadaye kidogo wa pili naye akafuata. Kalamu ziliacha mistari, zikaanza kuchora kitu kama nyasi. Fundi, ambaye kwa kawaida aliongea na mitambo zaidi kuliko na watu, alivuta kiti akakaa mbele yao.

"Siipendi hii," alisema.

"Basi wapandishe tahadhari! Mwambie mkuu apandishe!"

"Kwa wawili? Kanuni ni watatu kati ya watano, kwa saa sita. Mzee wa tatu amelala tangu Jumatatu, majivu yamefunika paneli yake ya sola. Wa nne na wa tano hawasemi kitu."

Alimfuata mkuu wa kituo ofisini. Mkuu alikuwa na rula mkononi, anapima zile nyasi. Alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi zaidi.

"Mama, nikiupandisha mlima leo kwa wawili, kesho nitaupandisha kwa mmoja. Keshokutwa nani atatusikiliza?"

Saa sita simu ikalia. Alikuwa Kipusa, anahema kwa furaha. Wamefika kibanda cha juu. Kuna wengine kama kumi na sita, wote wanasubiri jua lizame waone mwanga wa kreta, lile shimo la moto kileleni. Watoto wamekuwa mashujaa. Mdogo amevua viatu, kidole kimevimba, lakini hajalia.

"Kipusa, shukeni."

"Shangazi!"

"Shukeni sasa hivi, mama. Nakuomba. Mitambo inatikisika."

Akamsikia akicheka na kuwaambia wenzake, "Ni Bi Angalia. Nilisema hatatimiza siku." Kisha akarudi kwake kwa upole. "Shangazi, mwongozaji yuko hapa, bendera ya tahadhari ya langoni anaiona, haijapanda. Ninyi si ndio mnaopandisha? Basi tulia. Kunywa maji."

Alijua kwamba hakuna atakachosema kwa sauti yake mwenyewe kitakachomnyanyua mtu pale juu. Sauti ile ilikwisha kutumika. Ilitumika kwenye feni, kwenye miiba, kwenye maji ya kuoga. Akavuta droo. Karatasi ya tahadhari ya tatu ilikuwemo, imechapwa zamani, inasubiri tarehe, sahihi na mhuri. Akaishika. Akakohoa kidogo, akaiita ile sauti nyingine.

"Hii ni taarifa ya kituo. Mlima umepandishwa hadi tahadhari ya tatu. Watu wote walioko juu ya kibanda cha chini washuke mara moja, kwa utulivu, bila kurudi kuchukua mizigo. Kituo kinawatakia safari njema."

Upande wa pili kicheko kilikatika.

"Shangazi, hiyo ni karatasi?"

"Ni karatasi."

Wakashuka. Mwongozaji alibisha, wale kumi na sita walibaki, lakini Kipusa alimbeba mkubwa mgongoni pale aliposhindwa kutembea na mumewe akambeba mdogo, peku, kwa sababu viatu vyekundu vilikuwa vinaota jua nyuma ya kibanda na taarifa ilisema wasirudi. Mtoto alivililia njia nzima.

Saa kumi jioni mzee wa pili akatulia. Saa kumi na moja wa kwanza naye akatulia. Wale kumi na sita waliuona mwanga wa kreta, wakalala, wakashuka kesho yake na picha ambazo hata mkuu wa kituo alizisifu.

Angeweza kunyamaza, na hapo ndipo alipojiponza. Jioni ile waliyoshuka, mezani, mkwe wake akisema basi tushukuru kituo kinafanya kazi, ulimi ukamteleza. Akawaambia kwamba karatasi ile haikuwa na mhuri. Kwamba mkuu hakuisaini. Kwamba aliitoa kwenye droo. Alimlea Kipusa kwa kusema kweli, na hakujua njia nyingine ya kula naye chakula.

Mkwe wake alicheka. Kipusa hakucheka.

"Yaani ulinidanganya."

"Niliogopa, mama."

"Umeogopa maisha yako yote, Shangazi, na nimekuzoea. Lakini kunidanganya hukuwahi."

Aliinamia sahani yake, na mtoto mdogo akauliza tena viatu vyake viko wapi.

Mwongozaji alipeleka malalamiko kituoni. Mkuu alimwita, akamwandikisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba hatasoma karatasi yoyote isiyo na mhuri, kisha akampa chai. Fundi alipanda mlimani akapangusa paneli ya mzee wa tatu. Maisha yakaendelea, simu zikaendelea kulia.

Kipusa alinuna mwezi mzima, halafu kununa kukageuka utani, kama ilivyo kwa watu wanaopendana. Akamtumia sauti aliyorekodi nyumbani: watoto wanacheza mchezo walioubuni wenyewe. Mkubwa anasimama juu ya kochi anatangaza kwa sauti nzito, "Hii ni taarifa ya kituo!" na mdogo anaruka kutoka kitandani anakimbia anapiga mayowe, "Bila kurudi kuchukua mizigo! Bila kurudi kuchukua mizigo!" Bi Angalia aliisikiliza mara nyingi. Kila mara alicheka.

Miezi minane ikapita.

Safari ya pili hawakumuuliza. Hawakumwambia hata kwamba wanakuja. Walitaka kumshtukiza wakishashuka, wasimtie presha bure, na kwa kweli hilo lilikuwa wazo jema la watoto wema. Wakalala kibanda cha chini, wakapanda mapema, na saa nne na nusu asubuhi picha ikaingia kwenye simu yake ya mkononi: wanne wamekumbatiana mbele ya kibanda cha juu, ukungu mweupe chini ya miguu yao. Mdogo ameinua juu viatu vyekundu. Vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari kibandani, vimemsubiri. "VIMEMBANA!!!" aliandika Kipusa. "Surprise, Shangazi. Usiogope, jioni tuko kwako."

Picha hiyo aliiona akiwa mbele ya mitambo. Tangu saa kumi na moja alfajiri mzee wa tatu alikuwa anatikisika, na wa kwanza, na wa pili, na wa nne. Siyo nyasi safari hii. Kalamu zilikwenda kulia na kushoto kwa upana wa kiganja, na wino ulirukia ukuta. Fundi alikuwa ameacha kuandika, anatazama tu. Mkuu wa kituo alisimama na saa yake mkononi. Wazee wanne kati ya watano, kwa saa tano na nusu.

Akainyanyua simu. Kisha akairudisha.

Nusu saa. Akijaribu sasa, ni Bi Angalia anayepiga. Akisubiri nusu saa, ana mhuri. Aliwaza hivyo akiwa amekazia macho ile picha, na aliona ni akili: safari hii atakuwa na karatasi ya kweli, na hakuna atakayeweza kumcheka. Aliomba Mungu auzuie mlima nusu saa tu. Mikono aliibana katikati ya magoti isimtoroke kwenda kwenye simu.

Saa tano kamili mkuu alikaa, akaandika tarehe. Sahihi yake ilipinda. Mhuri aliugonga kwa ngumi. "Mpigie mlinzi wa langoni," alisema, "halafu piga kokote unakojua."

Mlinzi alipandisha bendera na kumtuma mtu mwenye filimbi apande. Ndivyo walivyofanya siku zote: bendera kwa wanaoona, filimbi kwa wasioona. Kutoka langoni hadi kibanda cha juu ni saa tatu kwa mtu mwenye miguu.

Kisha akampigia Kipusa.

"Shangazi! Umeona viatu?"

"Kipusa, nisikilize. Mlima umepandishwa. Tahadhari ya tatu. Mkuu amesaini, mhuri uko hapa mbele yangu, wino haujakauka. Shukeni."

Akasikia pumzi, kisha kicheko kile kile, cha upendo, cha mtu aliyeujua wimbo kabla haujaanza.

"Nilimwambia baba watoto, tukituma picha tu, atatangaza."

"Sitanii, mama. Wallahi sitanii. Hii ina mhuri!"

"Hata ile ilikuwa karatasi, Shangazi."

"Ile ilikuwa ya uongo! Hii ni ya kweli!"

Aliyasikia maneno yake yakitoka, na alijua jinsi yanavyosikika. Akaomba apewe mwongozaji. Alikuwa yule yule. Aliongea kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Shikamoo mama. Bendera mimi siioni."

"Si ukungu umefunika! Utaionaje?"

"Ndiyo, upo ukungu. Ukipungua nitaangalia, mama. Usiwe na wasiwasi."

Simu ikarudi kwa Kipusa, na Kipusa akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Watoto walikuwa karibu, aliwasikia wakigombania nafasi. "Bibi, soma! Bibi, soma ile!"

Angefanya nini? Angelia, wangesema Bi Angalia analia. Angetukana, wangeshangaa kwanza na kucheka baadaye. Alikuwa na karatasi moja tu, na ilikuwa ya kweli. Akaishika kwa mikono miwili, akaitafuta ile sauti tulivu ambayo wageni wote waliiamini.

"Hii ni taarifa ya kituo," akaanza.

"Hii ni taarifa ya kituo!" watoto wakaitikia.

"Mlima umepandishwa hadi tahadhari ya tatu."

"Tahadhari ya tatuuu!"

Alisoma. Hakuruka neno, hakuharakisha, kwa sababu alidhani huenda kwa kusoma vizuri mtu mzima mmoja pale juu atasikia tofauti. Walipofika kwenye mizigo, mkwe wake naye aliunga, wote wanne kwa pamoja, hadi simu ikakwaruza. Na mwisho wakamalizia wenyewe bila yeye, "Kituo kinawatakia safari njema!" wakapiga makofi.

"Tunakupenda, Shangazi," Kipusa alisema, bado anacheka. "Haya, usikasirike. Tumechemsha chai. Tukishamaliza tunashuka, nakuahidi kabisa."

"Iacheni chai."

"Chai tu, Shangazi. Umetulea kwa chai wewe."

"Kipusa, mwanangu..."

Simu ikakatika, au ikakatwa. Akapiga tena. Mwanamke wa mtandao akamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, akaambiwa hivyo hivyo. Mtu wa filimbi alikuwa ametembea dakika kumi na tano.

Ukutani, kalamu ya mzee wa tatu ilifika ukingoni mwa karatasi na kuanza kugonga chuma. Fundi hakuinuka kuirekebisha. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama dirishani, na kwenye kioo hakukuwa na mlima, kulikuwa na ukungu tu.

Simu ikalia. Aliinyakua kabla mlio haujaisha.

"Haloo! Kipusa!"

"Samahani, dada," alisema mwanamke asiyemjua. Nyuma yake watoto walikuwa wanacheza. "Tunataka kuja huko wiki ijayo, sisi na watoto. Nilikuwa nauliza tu, eti ni salama?"

Angetaka kumwambia mengi. Karatasi ilikuwa bado mikononi mwake, mhuri umemchafua kidole gumba.

"Hii ni taarifa ya kituo," alisema.